Kilo Nne za Unyoya

Unyoya akipasua mgongo wa ng'ombe husimama upande, bega la kulia mbele, kidevu kimezama kifuani, utadhani ng'ombe anaweza kuamka amrudishie. Shoka linashuka mara tatu. La kwanza linapima, la pili linavunja, la tatu linamaliza, na chembe za mfupa zinaruka mpaka kwenye kioo cha dirisha. Jicho lake la kushoto halioni. Ni jeupe kama yai la kuchemsha, na ukiwa mteja mgeni utadhani linakutazama wewe.

Huyu ni mume wa dada yangu mdogo. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji, lakini mtaa mzima unamwita Unyoya, kwa sababu alicheza ngumi katika uzito wa unyoya, ule ambao mwisho wake ni kilo hamsini na saba. Habari zake nawaandikia nyinyi wapwa zangu, wa damu na wa kujipachika, kwa kuwa mmezisikia vipande vipande na mwenye vipande vyote ni mimi. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, mpaka leo hatujakubaliana. Lakini kuandika najua, na hesabu ndiyo ilikuwa fani yangu. Hilo la hesabu liwekeni pembeni, tutalirudia.

Bucha ni lake. Mimi kazi yangu pale ni kunoa visu. Nakaa kwenye kigoda karibu na mlango, miwani puani, jiwe magotini, na hakuna neno linalosemwa humo ndani nisilolisikia. Ukutani pana ubao mweusi uliogawanywa katikati kwa mstari. Upande wa kushoto ni bei: paja, mbavu, kidari, maini, mifupa. Upande wa kulia ni mabondia watatu bora wa uzito wa unyoya wa zama zote, kwa chaki, kwa mkono wa Unyoya mwenyewe:

1. CHEREHANI
2. PADRI
3. MASHOTO

Bei zilibadilika kila wiki. Mabondia hawakubadilika kwa miaka kumi na tisa.

Cherehani aliitwa hivyo kwa jinsi mikono yake ilivyokwenda: tak, tak, tak, midogo midogo, imekaribiana, akikuacha umejaa matundu na hujui lipi lilitangulia. Padri hakuwa padri. Aliitwa hivyo kwa sababu kila aliyepigwa naye aliungama. Mashoto alikuwa bondia wangu mimi, na nilimshabikia hasa kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyemtaka.

Mbishi mkubwa wa ubao ule alikuwa Fundi Redio, mwenye kibanda cha mlango wa pili, mtu mwembamba, miwani yake imeungwa kwa waya wa shaba. Yeye ni wa Padri. Alasiri moja aliingia na gazeti la zamani, limekunjwa mpaka limekuwa laini kama kitambaa.

"Padri kacheza mapambano arobaini na moja, kapoteza mawili," akasema, anagonga gazeti kwa kidole. "Huyo Cherehani wako kapoteza tisa. Tisa, Unyoya! Mtu anapoteza tisa halafu unampandisha juu ya kila mtu?"

"Alipoanza kupoteza alikuwa ameshazeeka."

"Na kabla hajazeeka aliwapiga akina nani? Wabeba kuni na wakata nyama!"

Mteja aliyekuwa anasubiri kidari akarudi nyuma hatua moja. Unyoya alikuwa ameshika ini zima la ng'ombe, kilo tano za ini, bado lina joto. Hakuliweka chini. Alilizungusha kama taulo bichi, likampata Fundi Redio shavuni, paaa, miwani ikaenda huku na fundi akaenda kule. Alipojaribu kuinuka akakutana na ngumi ya kushoto, fupi, isiyozidi urefu wa kiganja, na jino lake likaruka likatumbukia kwenye beseni la matumbo. Baadaye tulilitafuta nusu saa nzima. Tulipata meno mawili, na moja si la kwake.

Fundi akabaki amekaa sakafuni, damu yake na ya ini zimechanganyika hata huwezi kusema ipi ni ya nani. Unyoya akamwinamia.

"Sikiliza, fundi. Mkata nyama unayemsema ni mimi. Mimi nilisimama mbele ya Cherehani raundi nane. Nimeamka kila siku tangu hapo naona nusu ya dunia. Kama Cherehani si wa kwanza, jicho langu limekwenda kwa nani? Eh? Nimelitoa bure?"

"Limekwenda kwa wa kwanza," fundi akasema, amejiziba mdomo.

"Asante. Leo nikukatie wapi?"

"Paja," fundi akasema. "Nusu kilo."

Basi ndivyo tulivyoishi. Wa pili na wa tatu tuliwabishania mpaka mishipa ya shingo ikasimama, lakini namba moja ilikuwa jicho la mtu, na jicho la mtu haliguswi. Na kila mgeni alisimuliwa kisa kilekile, maneno yaleyale, na Unyoya alipofika mahali fulani alishusha sauti. Ni kwamba raundi ya sita, wawili hao wamekumbatiana, jasho kwa jasho, Cherehani alimwekea mdomo sikioni akamwambia: "Wewe mbona mwepesi hivi?"

"Cherehani mwenyewe!" Unyoya alikuwa anasema, akijipiga kifua. "Mwenye miguu ya moto! Ananiambia mimi kwamba ni mwepesi!"

Nami nilitikisa kichwa pale kwenye kigoda, kwa sababu siku ile nilikuwepo. Nilikuwa kwenye kona yake, nimeshika ndoo.

Turudi nyuma sasa miaka thelathini na moja. Bucha hilohilo lilikuwa la mtu tuliyemwita Tajiri, mnene, mpole kwa mdomo, mkono wake mrefu. Mimi na Unyoya tulikuwa vijana wake wa kazi. Yeye alikata, mimi nilipima. Uani palikuwa na mizani ya kuning'iniza, uso wake mviringo kama saa ya stesheni, ndoano chini yake, ya kupimia nyama kubwa kubwa za mahoteli. Jumapili moja Tajiri aliifungua, akaichezea springi. Mimi mwenyewe nilimshikia bisibisi.

"Vijana," alituambia, anacheka mpaka tumbo linatikisa meza, "robo ya ng'ombe ya kilo hamsini na kitu, hii sasa inapunja kilo mbili. Mwenye hoteli hata akikodoa macho haoni."

Tulicheka naye. Mishahara ilikuwa yake.

Ndipo likaja pambano. Cherehani alikuwa anapita mji kwa mji akipigana na mabingwa wa kila mahali, na bingwa wetu alikuwa Unyoya. Siku hizo alikuwa anamposa dada yangu, na posa ilikuwa imekwama kwa mama, ambaye hakutaka mkwe wa kupigwapigwa. Unyoya alikuwa na kilo sitini na moja, na siku kumi za kufika hamsini na saba. Kocha wake alikuwa dereva wa lori, yuko safarini, angerudi siku ya pambano. Basi uzito nikakabidhiwa mimi. Nani mwingine? Mpimaji alikuwa nani? Na mizani tulikuwa nayo uani.

Usiku huohuo nilikaa na penseli. Nikajiambia: mizani hii inapunja kilo mbili. Kupunja ni kupunguza. Basi itampunguza na shemeji. Ikisema hamsini na saba, ukweli wake ni hamsini na tisa, na siku ya kupimwa watamfukuza kama mbwa. Ili awe hamsini na saba za kweli, lazima mizani yetu iseme hamsini na tano. Niliiangalia hesabu ile kwenye karatasi nikaiona nzuri, imenyooka. Nikampelekea.

"Shemeji, una akili," Unyoya akaniambia. "Mimi nisingewaza hilo."

"Ngumi kwako," nikamwambia, "kichwa kwangu."

Alikimbia amevaa mifuko ya plastiki chini ya koti, jua la saa sita. Alikata nyama kutwa nzima bila kuweka kitu mdomoni. Alitembea na kopo anatemea mate, kwa sababu nilimwambia mate nayo yana uzito. Kila asubuhi alijining'iniza kwenye ndoano kwa mikono miwili, magoti kayakunja, naye anazunguka polepole kama mbavu za ng'ombe, nami nasoma sindano.

"Bado, shemeji."

"Ngapi?"

"Hamsini na nane. Bado tatu."

Siku ya saba midomo yake ilipasuka. Siku ya nane dada yangu alikuja na chupa ya maziwa, kaificha chini ya kanga. Niliikamata mlangoni nikaimwaga kwenye mfereji mbele ya macho yao wote wawili. Unyoya alipiga magoti, akaangalia maziwa yanavyoondoka na damu ya ng'ombe. Dada alinitukana tusi ambalo sikujua kwamba analijua. Siku ya tisa sindano ilisema hamsini na tano na nusu. Nilimnyoa nywele. Nilimkata kucha. Asubuhi ya kumi sindano ikagusa hamsini na tano, na nikapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka ua.

Kule ukumbini mzani wao ulikuwa wa kusimama, wenye jiwe la kuteleza, nalo walikuwa wamelikaza kwenye hamsini na saba. Unapanda. Mkono wa mzani ukinyanyuka, umezidi. Ukilala, umepita. Unyoya alipanda, na mkono ukalala kama umekufa.

"Amepita! Anayefuata!"

Hakuna aliyeuliza umelala kiasi gani. Nikamkumbatia shemeji yangu, mbavu zake zikanichoma. "Umeona hesabu hiyo?" nikamwambia.

Pambano lilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa amekunywa maji akayatapika, amekula ndizi akaitapika. Hata hivyo raundi mbili za kwanza zilikuwa zake, na asiyeamini amuulize yeyote aliyekuwepo. Alimpasua Cherehani mdomo kwa ngumi ya kulia, damu ikaruka mpaka kwenye shati jeupe la mwamuzi. Watu walisimama juu ya viti. Raundi ya tatu miguu yake ikaanza kuondoka. Niliiona. Ilikuwa inatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa saa hiyohiyo. Cherehani naye aliiona, akashona.

Tak, tak, tak. Mbavuni. Tak, tak. Chini ya sikio. Raundi ya nne pua ya Unyoya ililala upande, na alipokuwa anapumua tulisikia inalia kama filimbi. Raundi ya tano nyusi ya kushoto ilifunguka, ngozi ikaning'inia, na kila ngumi iliyofuata ilikuja kugonga palepale, mlangoni palepale. Raundi ya sita walikumbatiana, na Cherehani akasema yale aliyosema. Raundi ya saba kocha alitaka kurusha taulo. Nililishika mimi.

"Mwache," nilisema. "Uzito uko sawa. Atarudi."

Raundi ya nane hakurudi. Alikuwa amesimama kwa sababu kamba zilikuwa nyuma yake. Nilihesabu ngumi kumi na saba, na hakuzuia hata moja. Ya mwisho niliisikia kuliko nilivyoiona, sauti ya mtu anayekanyaga nyanya iliyoiva, na Unyoya akashika uso kwa glovu zote mbili, akakaa chini kistaarabu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Hospitalini walifanya walichoweza. Jicho lilibaki mahali pake, kazi ikaisha.

Dada yangu aliolewa naye bandeji bado iko kichwani. Mama alikubali kwa sababu ngumi zilikuwa zimekwisha. Mwaka wa kwanza shoka lilimpotea, kwa kuwa jicho moja halipimi umbali, na akajikata kidole cha shahada mpaka kwenye fundo la pili. Akajifunza upya. Tajiri alipozeeka Unyoya alilichukua bucha, akaleta mizani mpya ya mezani, ya haki, na ile ya kuning'iniza akaitundika ukutani juu ya friji, akaifuta vumbi kila Jumamosi. "Hii ndiyo iliyonifikisha kwa Cherehani," alikuwa anawaambia watu.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, akaja mkaguzi wa mizani. Mama mmoja mfupi, koti la bluu, nyuma yake toroli la vyuma vilivyopigwa muhuri. Fundi Redio alikuwepo, ananunua paja lake la nusu kilo. Mama Mkaguzi akapima mizani ya mezani, akaridhika, akaandika. Halafu akainua macho.

"Na ile?"

"Ile ni kumbukumbu, mama," Unyoya akasema. "Haipimi kitu."

"Mizani ikiwa ndani ya bucha inapimwa. Ishusheni."

Tuliitundika uani, kwenye boriti ileile ya zamani. Akaning'iniza vyuma vyake kimoja kimoja: ishirini, ishirini, kumi, tano. "Hamsini na tano," akasema. Sindano ikatetemeka, ikatulia kwenye hamsini na saba.

"Mbovu. Inapunja kilo mbili."

"Hilo tunalijua, mama," nikasema kutoka kwenye kigoda changu, nimejaa kama puto. "Hiyo tangu enzi zetu inapunguza kilo mbili."

"Inaongeza," akasema bila kugeuka.

"Inapunja, mama. Na kupunja ni kupunguza. Hata mtoto anajua."

Sasa akageuka. "Njoo hapa, baba. Chuma ni kilo ngapi?"

"Hamsini na tano."

"Sindano inasema ngapi?"

"Hamsini na saba."

"Imeongeza au imepunguza?"

Nilisoma sindano. Nikasoma vyuma. Nikarudia sindano.

"Mizani ya kupunja inaongeza namba," akasema, sasa kwa upole, kama anayemvua mtoto kiatu, "ndiyo maana mnunuzi anapata nyama pungufu. Namba inapanda, nyama inashuka. Ingekuwa inapunguza namba, mwenye kupunjwa angekuwa mwenye bucha." Akafungua vyuma vyake, akaibandika mizani karatasi nyekundu, akaenda zake. Mtu wa serikali akimaliza kazi hakai kuangalia kilichoanguka.

Fundi Redio alikuwa anahesabu kwa vidole. Laiti angekuwa na vidole pungufu, hesabu ingemshinda.

"Unyoya," akasema, "wakati wa Cherehani ulijipimia hii?"

"Hiihii."

"Ikasema ngapi?"

"Hamsini na tano. Shemeji alisema nishuke mpaka hamsini na tano, ndipo niwe hamsini na saba za kweli."

"Ikisema hamsini na tano," fundi akasema polepole, "ukweli wake ni hamsini na tatu." Alikunja kidole cha mwisho. "Uliingia ulingoni na kilo hamsini na tatu. Umepungukiwa kilo nne, ndugu yangu. Bila chakula, bila maji. Kwa hiyo Cherehani alimpiga..." Hapo akakumbuka ini, akajiziba pengo la jino kwa kiganja.

"Alipiga mifupa," Unyoya akamalizia mwenyewe.

Alisimama katikati ya uani. Aproni yake ilikuwa na damu ya asubuhi, imekauka. Midomo yake ilicheza, na nilijua anasema nini kabla sijasikia.

"Mwepesi," akasema. "Mbona mwepesi hivi." Akalirudia tena, polepole, neno lilelile alilojipigia kifua kwa miaka thelathini na moja. "Alikuwa ananishika mikononi. Alikuwa ananipima, shemeji. Cherehani aligundua kwa kunikumbatia mara moja tu. Wewe ulinisoma siku kumi."

"Shemeji, ni zamani hizo. Mimi nilikuwa..."

"Vua miwani."

Nikavua. Nina kilo tisini na nne, wapwa zangu, na nilidhani angalau nitampunguza kasi. Ngumi ya kwanza sikuiona ilikotoka. Pua yangu ililia krak, macho yakajaa maji, na nilipoinua mikono kujikinga uso, tak, tak, tak, mbavu tatu za upande wa kulia zikajibu kila moja kwa sauti yake. Nilirusha konde langu moja. Lilikuwa zuri sana. Lilipiga boriti. Akanijia kwa chini, kidevu changu kikafunga mdomo juu ya ulimi, na nikajikuta nimeegemea ile mizani, ndoano yake ikinigusa mgongo kama inanichagua. Nyusi yangu ilifunguka. Damu ikanishuka shingoni, ya moto. Nilisimama lakini, na hilo aandike anayeandika. Nilisimama kwa sababu alinishika.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenikaba taya. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimekaa juu ya jicho langu la kushoto, juu ya kope, kinabonyeza. Kidogo. Halafu zaidi. Niliona nyota za kijani. Nikasikia anavyopumua kwa ile pua yake iliyolala, ile filimbi.

"Hesabu," akasema. "Macho mawili, toa moja."

Nilimshika kiwiko kwa mikono miwili, nikavuta. Hakikusogea.

"Fani yako hii. Mawili toa moja."

"Moja," nikasema.

"Umepata," akasema. Akakiondoa kidole. Akanipiga tumboni kwa nguvu zote alizokuwa anaziweka kwenye jicho, nami nikalala kwenye mfereji uleule ambamo niliyamwaga maziwa.

Hapo ndipo dada yangu alipotoka jikoni kwake, ng'ambo ya ua, na ndoo, akatumwagia wote wawili. "Mna wazimu? Wazee wazima! Fundi, na wewe umesimama tu hapo unatazama?"

"Mimi nahesabu raundi," fundi akasema.

Unyoya akamweleza kwa maneno machache. Namba inapanda, nyama inashuka. Kilo nne. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, ananitazama pale chini. Kisha akachukua tambara la kufutia meza ya nyama, akalikamua taratibu, akanichapa nalo usoni mara moja, chapa ya kutoka begani.

"Hiyo ni ya maziwa," akasema. Akarudi jikoni.

Unyoya aliingia ndani akiwa amelowa, akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Nilijikokota nikamfuata, kwa kuwa sikuweza kulala huku ukuta ule unaguswa. Alishika kitambaa akakiweka juu ya Cherehani, na mkono ukakataa kufuta. Fundi Redio, mwenye Padri wake, angeweza kusema neno moja tu siku hiyo akashinda ubishi wa miaka kumi na tisa. Hakulisema. Namheshimu kwa hilo, na sitarudia.

"Cherehani hakulichukua jicho langu," Unyoya akasema, ametupa mgongo. "Cherehani alilikuta limeshauzwa." Akafuta. Akashusha kila mmoja ngazi moja: Cherehani wa pili, Padri wa tatu, Mashoto wangu akatoka kabisa. Kisha akachukua chaki mpya, akaandika juu, kwa herufi kubwa kuliko za bei:

1. SHEMEJI

"Ngoja, ngoja," fundi akasema, ubishi umemshinda. "Huyu? Uzito wa unyoya? Huyu ana kilo tisini na nne!"

"Mwache apige hesabu mwenyewe," Unyoya akasema. "Atapita."

"Lakini hajawahi kurusha hata ngumi moja ya maana! Leo tu kapiga boriti!"

"Basi nitajie bondia mwingine aliyemng'oa mtu jicho bila kurusha ngumi. Padri wako aliweza? Nimesema sitalitoa jicho langu kwa mtu wa hovyo. Aliyelichukua ndiye namba moja, na anakaa hapo."

Fundi alifikiri. Alitafuta hoja kwenye gazeti lake, kwenye dari, kwenye pengo lake la jino. Akachukua nusu kilo yake ya paja, akaondoka.

Mbavu zangu zinapona polepole. Bado nanoa visu pale, kwa kuwa Unyoya hakunifukuza, na dada yangu ameanza tena kunipa chai, ingawa anaigonga mezani mpaka nusu inamwagika. Wateja wapya wakiingia wanaangalia ubao, wanauliza huyo namba moja ni bondia wa wapi, mbona hawajawahi kumsikia. Unyoya anaweka shoka juu ya gogo, ananigeuzia upande wenye jicho linaloona.

"Wasomee, shemeji," anasema. "Wewe ndiye mpimaji."

Nami nasimama kwenye kigoda, nasoma kwa sauti, kuanzia juu.